Jina Limebaki, Mafundi Wameondoka

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilipeleka gitaa la marehemu mume wangu kwenye duka la ala za muziki, nje kidogo ya Mji wa Kale. Ubao wake wa mbele umepasuka, nami nataka lipigwe kwenye misa ya kumbukumbu yake.

"Mama, chukua jipya, jina ni lile lile," alisema mwenye duka. Kisha akatazama chini. "Ila kampuni inayoyatengeneza imenunuliwa na matajiri wengine. Mafundi wa zamani wameachishwa kazi."

Mteja mmoja akacheka. "Mpishi akiondoka, bwana, pilau hubaki kwenye kibao cha hoteli tu!"

Niligusa nyuzi za lile jipya. Sauti yake nzuri, nisiseme uongo. Lakini nyumbani tumempa mjukuu jina la babu yake, na hakuna aliyemwambia mtoto kwamba yeye ndiye aliyenioa. Matajiri hununua jina, kisha wakataka tuamini wamenunua na mikono iliyolijengea heshima.

"Nitengenezee hili."

"Ufa utaonekana, mama."

"Na uonekane, mwanangu. Bora lilie."

Ee Mungu, mrehemu mume wangu, na mafundi wa gitaa lake waliokwisha kufa, ambao hatukuwajua hata majina. Uwape wote pumziko la milele.