Sinema Katika Stoo ya Pamba

Kaka yangu alikuwa mpimaji katika kiwanda cha pamba, upande wa Kitui. Mimi nilikuwa pale pale, natoa uchafu kwenye pamba pamoja na wanawake wengine. Mwaka mmoja wapakiaji wawili walifutwa kazi kwa kumwagia pamba maji ili iwe nzito. Siku hiyo kaka alionekana akitoka kwa meneja. Alikuwa ameitwa kutengeneza baiskeli, lakini watu walisema ndiye aliyewasema wenzake kwa mkubwa. Maneno yalifika hadi soko la Kwa Vonza, kijijini alikobaki mkewe. Kazini akawa anakula peke yake.

Baadaye mmoja wa wale wawili alikuja kutusalimu, akaeleza mwenyewe kwamba meneja aliishika ile pamba, maji yakadondoka. Tulisikia wote. Hakuna aliyemwomba kaka radhi. Walirudi tu kukaa naye, wakamgawia viazi. Kwetu mambo mengi huisha hivyo.

Kisha gari la sinema likaja, Jumamosi mchana. Tulitundika magunia madirishani ili stoo iwe na giza. Ilikuwa picha ya kuchekesha, ya ofisi fulani. Tarishi anasingiziwa kuwa jasusi wa mkubwa. Akipita, watu wanaficha vikombe vya chai, mmoja anaingia kabatini. Mwishowe karani aliyeanzisha uvumi anapanda juu ya kiti mbele ya wote. "Ni mimi. Nilidanganya." Wanambeba tarishi juu juu.

Tulicheka mpaka machozi. Mpakiaji mmoja akampiga kaka begani. "Mzee, si huyo ni wewe kabisa!"

"Ni mimi," kaka akasema. "Sasa nani anapanda kiti?"

Wakazidi kucheka. Yeye hakucheka. Walikung'uta pamba nguoni, wakatoka. "Haya mzee, Jumatatu."

Njiani aliniambia, "Dada, nilidhani leo wangesema."

Hawakusema, mpaka siku ya kumzika kaka. Nyapara wetu wa kiwandani, mzee sasa, alisimama mbele ya waombolezaji. "Huyu tulimsingizia. Hakumsema mtu." Alisema vizuri, bila kujificha.

Mke wa marehemu, niliyeketi naye, akanishika mkono. "Wifi, walijua tangu lini?"

Nikamwambia.

"Mimi sikujua," akasema. "Miaka hiyo yote nilikuwa nimemsamehe tu."