Mashua ya Kapteni Kule Ruiru

Nakhumicha hakutaka kuitwa mjane. Ukimwita hivyo alikukata jicho, nawe ukajua umekanyaga pabaya. Mume wake Absalom alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, na meli iliyokuwa ikiwapeleka vitani ilizamishwa na adui mwaka wa arobaini na nne. Serikali ikasema amekufa. Kwani serikali ilimwona akifa? Askari mmoja aliyenusurika alimwambia kwamba mashua ziliteremshwa majini, na neno hilo akalishika kwa mikono miwili. Aliishi nalo miaka yote, akichagua kahawa katika shamba la mzungu hapo Ruiru, akiwaambia watoto wake Jared na Jentrix kwamba baba yuko njiani.

Kwao Bungoma, mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, linazikwa shina la mgomba mahali pake. Linaliliwa kama mtu, linafukiwa, watu wanatawanyika. Wazee walitaka kufanya hivyo ila hawakupenda kuzika mgomba huo huku mke wake amekataa. Basi wakamtuma Nicanor, mdogo wake Absalom, aliyekuwa na kazi Thika. Akaja mara ya kwanza, akaja tena na tena.

"Nizike mgomba, halafu mwenyewe aingie hapo mlangoni?" Nakhumicha alimwuliza kila mara. Nicanor alimaliza chai yake, akaaga.

Sasa mwaka wa hamsini na moja, mzungu mmoja mzee aliyewahi kuwa kapteni aliwaalika watoto wa shule ya Jumapili waje kutazama vitu vya meli alivyovipanga uwanjani kwake: nanga, minyororo, mlingoti, na mashua ya kuokolea watu. Nakhumicha aliposikia habari ya mashua alimwendea mwalimu Gathoni siku hiyo hiyo, akajitolea kubeba viazi vitamu vya watoto. Bahari hakuwahi kuiona. Maji makubwa aliyoyajua ni mto Ruiru. Kichwani mwake mashua ile ilikuwa kubwa kama ghala la kahawa, ina paa, na ndani watu wamejilaza wakingoja kufika nchi kavu.

Gerishon, mtunza uwanja, aliwatembeza vizuri. Watoto wakarukia nanga, wakavuta minyororo mpaka mikono ikawa myekundu kwa kutu. Nakhumicha alikuwa akitazama huku na huku.

"Baba, na mashua iko wapi?"

"Si umeipita, mama. Hii hapa."

Alikuwa amedhani ni hori la kunyweshea ng'ombe. Akairudia, akaushika ubao wake, akachungulia ndani. Hapakuwa na paa wala mahali pa kulala.

"Na watu wote wa meli wanaingia humu?"

"Meli huwa nazo kadhaa," Gerishon akasema polepole. "Lakini si wote, mama."

Gathoni akawaruhusu watoto wapande. Wakajazana, magoti kwa magoti. Jared alichelewa, akakuta hakuna nafasi. Akashika ukingo akaning'inia, na wenzake kwa mchezo tu wakaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja, wakiimba imejaa, imejaa. Jentrix, dada yake wa tumbo moja, naye akasaidia huku akicheka. Jared akaanguka kwenye nyasi, akacheka pia.

Nakhumicha akaketi chini na kikapu chake. Uchungu aliokuwa ameufungia mlango miaka yote ukaingia, na hakuwa na nguvu ya kuuzuia. Gathoni akamwuliza kama ni jua. Akajibu ndiyo, ni jua.

Hakurudi nyumbani. Aliwashika watoto mkono wakaenda mpaka Thika kwa Nicanor, wakamkuta anaosha miguu mlangoni.

"Shemeji, waambie wazee wazike."

"Unasema nini, Mama Jared?"

"Wazike. Baba watoto harudi."

Jared akauachilia mkono wa mama yake. Nakhumicha alingoja Nicanor amshukuru Mungu, maana si hilo ndilo alilokuwa akilitafuta? Lakini mtu mzima yule alikaa kizingitini, miguu ikiwa bado na sabuni, akalia mbele ya watoto.

"Kila nikija kwako," akasema, "nilikuwa naomba ukatae."