Jina Alilolitunga Masereka

Masereka wa Bwera alikuwa mkalimani wa watafiti kwa miaka kumi na tisa, na hakuna elimu ambayo haikupita mbele yake. Alikaa Muhokya wiki nzima na watu wa mbu, waliohesabu wadudu mmoja mmoja kama wanaochambua mchele. Alitembeza wataalamu wa magonjwa ya kahawa, akamshikia ngazi mama aliyechunguza masikio ya popo, akahudhuria mazishi na msomi aliyetaka kujua tu kwa nini nyimbo za msiba huimbwa polepole. Wote aliwachekea vizuri. Lakini moyoni alikuwa amewapanga: wenye vipimo na chupa aliwaheshimu, wenye daftari na maswali ya zamani aliwaona watu wa kupoteza mchana.

Ndiyo maana hakumchukulia Jamidah kwa uzito. Jamidah alikuwa mwanahistoria, mzaliwa wa Mbale. Lhukonzo, lugha ya wenyeji, hakuijua, wakasikilizana kwa Kiswahili. Alikusanya majina ya zamani ya mashamba ya Bugoye, kando ya mto Mubuku: nani alilitoa kila jina, na kwa nini. Alimwachia Masereka nyumba arobaini za kuuliza, akarudi chuoni.

Ishirini na tisa Masereka alizifikia kweli. Zilizobaki zilikuwa ng'ambo ya mto, mvua inanyesha, magoti yanauma. Akaketi kwenye hoteli ya chai, akajaza fomu kumi na moja kutoka kichwani. Shamba la mjane mmoja, Mbambu, ambalo aliwahi kulipita akiwa na watu wa kahawa, alilipa jina la Lhukonzo lenye maana ya "mto ulilala hapa". Lilimpendeza. Majina tu haya, alijisemea, yatamdhuru nani?

Mwaka uliofuata Jamidah alirudi na mwenzake, Ssali, mtaalamu wa mito. Ssali alitaka kujua Mubuku ulipita wapi zamani, ili watu wasijenge pale unapoweza kurudi siku ya mafuriko. Ramani aliyoitandika juu ya boneti ya gari ilijaa majina ya Jamidah.

"Majina mawili tayari yametupeleka kwenye mchanga wa mto wa zamani," Ssali alisema kwa furaha. "Mashine yangu peke yake ingetafuta miaka mitano. Leo tunachimba hapa."

Kidole chake kilitua kwenye shamba la Mbambu. Masereka angeweza kusema pale pale kwamba jina hilo alilitunga. Badala yake akawaonyesha njia.

Mbambu aliwaruhusu kung'oa mistari miwili ya maharage yaliyokuwa yakitoa maua. Walichimba hadi kiunoni. Udongo mtupu, mchanga hakuna.

"Hebu muulize mama," Jamidah alisema, "hilo jina alilipata kwa nani?"

Masereka aliuliza. Mbambu akashangaa. "Jina gani hilo? Sijalisikia hata siku moja. Na wewe hujawahi kufika kwangu kuniuliza kitu."

Wageni walimtazama Masereka, wakingoja tafsiri ya Kiswahili.

"Anasema labda mchanga uko chini zaidi," akajibu.

Wakachimba shimo la pili, maharage mengine yakang'oka. Mbambu, asiyejua maneno aliyowekewa kinywani, alileta chai na mihogo, akamhudumia Masereka kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri. Masereka alipokea kikombe kwa mikono miwili.

Ssali alitoka shimoni akijifuta jasho. "Usikasirike, Dokta," akamwambia Jamidah, "lakini hadithi ni hadithi. Yale mawili yalikuwa bahati. Ramani hii naiweka kando."

Jamidah aliikunja ramani taratibu, na midomo ilimcheza kama ya mtu anayezuia kilio.

Masereka akaweka kikombe chini. "Dokta, kosa si la majina. Ni mimi. Huyu mama sikumuuliza. Nilitunga nikiwa nimekaa hotelini, hili na mengine kumi. Na sasa hivi hakusema tuchimbe. Alisema jina hilo hajawahi kulisikia."

Jamidah alikunjua ramani tena, akampa kalamu. "Yatie alama yote uliyoyatunga." Masereka alipomaliza, akamuuliza, "Fomu za Ssali ungezijaza hivyo?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Masereka aliitazama mashine ya Ssali, akamrudishia Jamidah kalamu.

Ikabaki kumwambia Mbambu, kwa Lhukonzo. Mama alisikiliza hadi mwisho, akayatazama maharage yake. "Wewe, mtu mzima," akasema, akaingia ndani.

Masereka alizifikia zile nyumba kumi na moja kwa miguu, huku mtu mwingine akishika kalamu. Ssali akaikubali ramani upya. Ilipokamilika, wenye mashamba waliitwa ukumbini Kasese kusomewa matokeo, na mkalimani aliyekuwepo alikuwa Masereka huyo huyo. Katika ukurasa wa pili Jamidah, aliyekuwa akisoma, alisita.

"Sentensi hii anaweza kuitafsiri mwingine, Mzee. Ukitaka kutoka nje, toka."

Masereka aliona Mbambu amekaa mstari wa mbele. Akabaki amesimama, akawaambia watu kwa Lhukonzo kwamba majina kumi na moja yaliyojazwa awali kwa mashamba ya ng'ambo ya mto yalikuwa ya uongo, yakaondolewa. Kwenye karatasi aliyeyatunga hakutajwa. Masereka akaongeza jina lake.