Vazi la Miavuli Tisa

Aliyeagiza suti ya mpira yenye uwezo wa kumeza watu wawili ni mimi. Nilitia sahihi fomu ya vifaa bila kuuliza vipimo vilipatikanaje, na kosa hilo sijamsingizia mtu hata siku moja. Lakini aliyeandika neno "alihudhuria" mahali palipostahili "alifuzu" si mimi. Ni mkuu wa mafunzo ya uokoaji majini aliyeletwa Garissa kutoka makao makuu, na wajibu huo ni wake peke yake. Baada ya kuyatenganisha mambo haya mawili naweza kusimulia kwa raha, maana katika utumishi wangu wote sijawahi kucheka kama nilivyocheka majuma yale.

Mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya tisini ziliufanya mto Tana uingie mjini bila kubisha hodi. Mimi nilikuwa afisa wa vifaa katika ofisi ya mkoa. Ripoti za uokoaji zilipita mezani pangu, na nyingi zilisema jambo moja: mashua imefika, wanaume wameokolewa, lakini akina mama waliokwama juu ya mapaa wamekataa kubebwa na wanaume wasio maharimu wao. Mmoja alimwambia nahodha, "Nenda ulete mwanamke mwenzangu. Mimi nangoja hapa na Mola wangu." Alingoja kutwa nzima. Maji yalipopungua, waraka ukatoka: kila ofisi ipeleke mafunzoni waokoaji wawili, na mmoja awe mwanamke.

Mpiga chapa wetu alikuwa binti aliyezaliwa Balambala na kukulia mtoni, akivusha mbuzi wa baba yake. Nilimpa waraka auchape upya kwa ajili ya ubao wa matangazo. Ulirudi ukiwa na orodha ya waombaji chini yake, na jina lake limekaa nambari moja.

"Nani amekuruhusu?" nilimuuliza.

"Mzee, si wewe uliyesema nisiache nafasi tupu kwenye waraka?"

Nikatia sahihi. Sharti lilikuwa kwamba kila mwanafunzi aje na vazi la majini "linalofaa mwili, maji na mazingira ya kazi". Kulipata vazi hilo ilikuwa kazi yangu.

Ghala la Nairobi lilituma kwanza vazi la kuogelea lililoenea ndani ya bahasha ya barua. Sikulitoa. Nililipeleka likiwa ndani ya bahasha yake kwa fundi cherehani wa sokoni, mama wa makamo aliyewashonea nusu ya wanawake wa mji. Alilitazama, kisha akaigeuza bahasha juu chini na kuitikisa.

"Bwana afisa, hii ingine imebaki Nairobi?"

"Ni hiyo tu, mama."

"Hii tu? Hii mimi naweka kichwani ya mtoto, na masikio inabaki nje!"

Lilirudishwa siku hiyohiyo, na stakabadhi ya kulirudisha ninayo. Ndipo nikaagiza suti ya mpira, ile wanayovaa wazamiaji, inayofunika mwili kutoka shingoni hadi vifundoni. Fomu ilitaka kifua, kiuno na urefu. Kwa kuwa haikuwa heshima mimi kumpima binti wa watu, nilimwomba fundi. Naye alimpima kama alivyowapima wateja wake wote, yaani juu ya buibui, na chini ya buibui kulikuwa na dirac, lile gauni pana la Kisomali, na gagulo, kwa sababu nguo zote anazoshona fundi huyo hupwaya. Nilizinakili tarakimu zile kwa mwandiko safi kabisa.

Suti ilifika kwa basi, nyeusi, nzito, ikinuka kama gurudumu jipya la lori. Mesi ya maafisa ilitupa bwawa lake saa moja kila Jumanne, kwa wanawake peke yao. Mimi niliwekewa kiti nje ya ukuta, mgongo nikiuelekeza langoni, daftari likiwa mapajani. Fundi alisimama juu ya stuli kwa ndani, kichwa chake kikichungulia juu ya ukuta, akawa mtangazaji wangu. Kwa hiyo nayaandika haya kama yalivyotangazwa.

"Ameingia!" fundi alitangaza. "Maji nayo imeingia! Shingoni! Inajaa! Bwana afisa, andika: amekuwa tangi!"

Ndani kulilipuka vicheko. Miguu ya suti ilivimba hata hakuweza kukunja goti kupanda ngazi, na wanawake wanne wakamvuta kwa kamba. Walipoufungua mguu mmoja, maji yalitoka kwa kishindo, yakapita chini ya lango, yakanifikia kitini. Nami, mtu mzima mwenye cheo, niliinua miguu juu na kucheka hadi kalamu ikaniponyoka.

"Mzee!" sauti ya mpiga chapa ilivuka ukuta. "Nimekunywa bwawa lote lakini sijafa! Tafuta ingine!"

Zilibaki wiki mbili kabla ya mtihani. Fundi ndiye aliyeiona miavuli. Wafanyabiashara waliileta kwa wingi wakati wa mvua, kisha jua likarudi na hakuna aliyeitazama tena. Alichukua tisa, akaibandua vitambaa, akashona suruali, kanzu ya kufika magotini iliyofungwa kwa vifungo kwenye suruali isipande, na kofia ya kufunika nywele na shingo. Jumanne iliyofuata, hewa iliingia ndani, mpiga chapa akaelea chali na kukataa kuzama. "Sasa ni puto!" fundi alitangaza. Mshona viatu akaombwa apige kwenye mapindo vitundu vya chuma, kama vile vya kupitishia kamba za viatu, ili hewa na maji vipate njia.

Jumanne ya mwisho mtangazaji wangu alinyamaza muda mrefu. Nikaingiwa na hofu.

"Mama, kuna nini huko?"

"Nyamaza, bwana afisa. Naangalia samaki."

Mtihani ulifanyika Tana penyewe, askari wa wanyamapori akiwa na bunduki kwa ajili ya mamba. Kazi ilikuwa kuogelea hadi kwenye kisiwa cha mchanga na kurudi na gunia lenye uzito wa mtu. Zamu ya mpiga chapa ilipofika, fundi alikuwa amekwisha kuvushwa kwa mashua na kuketi pale juu ya gunia.

"Mimi si gunia," alipaza sauti, "lakini uzito iko!"

Mpiga chapa aliukata mto kwa mikono iliyonyooka, akamshika fundi kwapani, akamleta chali, na njia nzima fundi aliwasalimia jamaa zake waliosimama ukingoni. "Walaal, ndugu zangu, habari ya nyumbani? Mama amepona?" Vigelegele vilipanda. Nilipiga makofi nikiwa nimeshika faili, karatasi zikaruka hewani, nikazikimbiza huku nikicheka. Nilizikusanya zote. Hakuna iliyopotea.

Mkuu wa mafunzo aliitazama saa yake, akamtazama mwanafunzi.

"Vazi si la kawaida," alisema.

"Kawaida ya wapi?" mpiga chapa aliuliza, maji yakimchuruzika kutoka kwenye vitundu.

Mkuu akafungua kalamu yake. Kwenye rejista likaandikwa "alihudhuria", na kwa neno hilo hakuruhusiwa kupanda mashua ya uokoaji. Mvua iliporudi, mashua ilitoka na wanaume peke yao, na ripoti zilizofika mezani pangu zilisema yaleyale. Yeye ndiye aliyezichapa.

Barua zangu tatu kwa makao makuu hazikujibiwa. Kwa hiyo, nikiwa afisa mstaafu, naitaka ofisi iliyorithi mafunzo hayo ionyeshe kwa maandishi kifungu cha kanuni ambacho vazi lile lilikivunja. Kama hakipo, rejista isahihishwe na cheti kitolewe kwa jina lake, kikiwa na tarehe ya siku aliyovuka mto. Na aliyekizuia aje Garissa ajieleze mbele yake yeye, si mbele yangu.