Kibuyu cha Hawo

Kabla ya vita, asubuhi zangu zilianza na harufu ya moshi wa kibuyu. Wanawake wa Waorma hufukiza vibuyu vyao kwa vijiti wanavyovijua wenyewe, maziwa yasiharibike upesi. Jirani yangu Hawo alipokaribia shamba langu la mpunga hapa karibu na kijiji cha Wema, pua yangu ilimtambua kabla ya macho. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye domo kuliko mimi, na mimi domo ninalo la kutosha.

"Mama Komora, mpunga yako ndege namaliza. Wewe nalala tu."

"Na ng'ombe wako watamaliza kitakachobaki," nilimjibu, naye akacheka.

Nilikuwa nikimimina maziwa aliyoniletea kwenye sufuria yangu, nasuuza kibuyu, natia mchele ndani, namrudishia. Mama yangu alifanya hivyo na mama yake. Huku kwetu kibuyu cha maziwa hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu umesema ujirani umekwisha, na mwenzako ataelewa bila kuambiwa.

Mwaka ule ukame ulikaza. Nyasi za juu, upande wa Bangale, ziliisha, na ng'ombe wengi wakateremka kwenye delta ya mto wetu kutafuta maji. Zile njia za mifugo za kufikia mto, tunazoziita malka, nyingi zilikuwa zimelimwa. Sisi Wapokomo tukasema wanakula mashamba yetu. Wao wakasema tumewafungia mto. Kila upande una masimulizi yake ya nani alianza, nami nimechoka nayo yote mawili.

Walikuja alfajiri.

Nilisikia bunduki, kisha makuti yakishika moto. Binti yangu Rehema alikuwa na mtoto mchanga, Salome, hata kitovu hakijapona vizuri. Alinitupia mtoto mikononi.

"Mama, tangulia."

Nikatangulia.

Nilifika mtoni, nikajilaza kwenye matete, mkono juu ya kinywa cha mtoto. Rehema hakuja.

Tulimzika baadaye, pamoja na wengine, wanaume wakilinda kaburi kwa mapanga. Kisha tukapelekwa mjini Garsen, kwenye uwanja uliogeuzwa kambi.

Hapo ndipo nchi tajiri zilipotufikia. Sitazisema vibaya. Zilileta mahema, mablanketi na unga kwenye magunia yaliyochapwa bendera. Blanketi nililojifunika lilinipa joto, na nilimshukuru mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, aliyeona vema nisipigwe baridi. Wageni wao walipita na magari makubwa, wakatuuliza maswali kwa upole, wakaondoka kabla giza halijaingia.

Lakini Salome alitaka maziwa. Kina mama wote wenye kunyonyesha walikuwa na watoto wao, na hofu ilikuwa imewakausha. Muuguzi wa kambi, msichana mwenye roho nzuri, aliniambia maziwa ya kopo ya watoto wachanga yana masharti yake, hayagawiwi mpaka ruhusa itoke kwa wakubwa, na wakubwa wako ng'ambo. Alipiga simu mbele yangu, akabembeleza.

"Mama, vumilia kidogo. Wanajadili."

Nilimpa mtoto maji ya uji. Alitapika. Kilio chake kikawa kidogo, kisha kikawa kama cha paka aliye nyumba ya pili. Nilijua maana yake. Nimezaa na nimezika.

Ndipo nikasikia ile harufu ya moshi.

Hawo alikuwa nyuma ya kambi, kwenye vichaka vya mathenge, mtandio umeraruliwa na miiba. Siku zile Muorma hakukanyaga upande ule wa Garsen. Vijana wetu walikuwa wamemwona, na wawili walikuwa wanakuja na marungu.

Nilisimama kati yao na yeye, mtoto mgongoni.

"Huyu ni mgeni wangu."

"Ni wa kwao hao, mama."

"Basi anzeni na mimi."

Walisimama. Mmoja alikuwa mpwa wa marehemu mume wangu, nilimwogesha akiwa mdogo. Alitema mate chini, wakarudi.

Hawo hakuwa amesogea hata hatua moja. Alikuwa amekumbatia kibuyu kwa mikono miwili.

"Mimi nasikia Rehema nakufa, mtoto nabaki," alisema. "Hii maziwa ya mtoto. Changanya na maji nachemsha kwanza."

Nikamuuliza habari za mumewe.

"Watu yenu naua yeye. Sisi nazika jana."

Alinitazama usoni, macho mekundu, kisha akamtazama Salome.

"Mtoto hapana shika panga," akasema.

Nilimimina maziwa. Nikamwaga kidogo, akanigombeza. Kisha nikamrudishia kibuyu, nikiona haya, maana unga wa siku ile ulikuwa haujagawiwa na sikuwa na kitu.

Alikataa kukipokea.

"Tia kitu. Hata majani."

Nilinyofoa majani mabichi yaliyoota kando ya bomba la maji, nikayatia. Kwao majani mabichi ni amani. Akafunika kibuyu, akaenda zake.

Alirudi, na akarudi tena. Unga ulipogawiwa nilimtilia. Wasimamizi wa kambi walisema unga ule ni wa walioandikishwa tu. Nikawaitikia vizuri, na nikaendelea kutia, kwa sababu kwao nako nyumba zilikuwa zimechomwa. Hivyo ndivyo unga wenye bendera ya watu wa mbali ulivyovuka ukaliwa na mjane wa Kiorma na wanawe. Naamini aliyeulima asingekasirika.

Ruhusa ya maziwa ya kopo ilitoka hatimaye. Muuguzi alikuja akikimbia, amefurahi. Salome alikuwa ameshanenepa.

Sasa yuko sekondari, na anasikiliza redio kuliko mimi. Juzi ilisema mataifa makubwa yamepunguza misaada, na mengine yanawarudisha watu wanaovuka bahari kukimbia vita.

"Nyanya, hao wana kila kitu. Wanaogopa nini?"

"Wanaogopa kuishiwa," nikamwambia. Siwacheki. Hofu hiyo naijua, nililala nayo kambini. Ila namjua mtu mmoja aliyekuwa na haki zote za kufunga mlango, na hakuufunga. Namheshimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Ukame wa karibuni ulimaliza ng'ombe wake. Alikuja mlangoni kwangu bila harufu yoyote, maana kibuyu kisicho na maziwa hakifukizwi. Amezeeka. Alininyooshea kibuyu na hakutania. Kilikuwa chepesi, lakini kulikuwa na kitu ndani.

Nilijaza mchele mpaka shingoni. Tukakaa kibarazani, tukamtaja Rehema, tukamtaja mumewe. Kwa ajili yao hakikurudishwa chochote, na hakuna aliyeshtakiwa.

Salome ndiye aliyekuwa ameyapokea majani aliyoyatia Hawo ndani ya kibuyu. Aliyaweka mezani kwa uangalifu. Yalikuwa makavu. Mabichi hayakupatikana popote mwaka huo.