Jani Lililonukia Mkate

Nimerudi Arusha juzi, rafiki yangu, baada ya kutangatanga Tanga, Nairobi na kwingine ambako sina hamu hata ya kukutaja. Nilikuwa napita karibu na mto Themi, moshi wa kuni ukanijia puani, nikasimama. Watu wengi moshi wa jikoni huwakumbusha shibe. Mimi hunikumbusha usiku mmoja wa enzi za Mjerumani.

Baba yangu alikuwa mwokaji. Alitoka Pangani na ufundi wake, akaoa Mmeru, na Mgiriki mmoja akamkabidhi tanuri la matofali chini ya Sekei. Alfajiri mkate wetu ulikwenda bomani kwa Wajerumani. Usiku tuliwapikia waendesha magari ya ng'ombe waliotoka Moshi. Walifika wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wakipiga kelele toka mbali: "Fundi! Bapa!" Bapa ulikuwa mkate mwembamba. Baba aliupaka samli, akaumwagia vitunguu na jibini ya mbuzi, akausukuma ndani kwa koleo la mti. Ulitoka ukichemka juu, na kingo zilizoungua zilikuwa zetu watoto.

Kabla ya kuingiza mkate, majivu hufutwa. Baba alifunga majani mabichi ya mgomba kwenye ufito mrefu, akayachovya majini, akapangusa sakafu ya tanuri, nayo ikalia chwaaa. Siku ile mvua ya mawe ilikuwa imechana migomba yote, imebaki nyuzi. Baba akatazama huku na huku, akaona kwenye mpaka wa jirani mstari wa mimea yenye majani marefu, magumu. Akaikata yote.

"Ufagio huu utadumu," akasema, amefurahi kwelikweli.

Yalikuwa masale. Mtu wa pwani angejulia wapi? Kwa Wameru, masale ndiyo mpaka wa shamba, na hayaguswi ovyo.

Jirani mwenyewe, mzee wa Kimeru, ndiye aliyetuletea kuni kila jioni. Alifika na mzigo begani, akauona ule ufagio, akasimama.

"Mpaka wangu uko wapi?"

Baba akacheka, akidhani ni utani. "Shikamoo, mzee. Mpaka gani tena?"

"Huo ulioushika! Baba yangu aliupanda kwa mikono yake, wewe unafagilia majivu. Kesho utafagilia na kaburi lake?" Akageuka na kuni zake zote.

Mwanzoni baba alinung'unika tu. Kisha akatoka kutafuta kuni kwingine, akarudi mikono mitupu, maana mvua ilikuwa imelowesha kila kitu. Kuni kavu zilikuwa chini ya paa la yule mzee peke yake. Za kwetu zilizobaki zingetosha bapa za usiku ule, basi. Na mkate ukikosekana bomani, baba angelazwa kifudifudi mbele ya askari apigwe hamsa wa ishirini, viboko ishirini na vitano. Nilikuwa nimemwona mchunga ng'ombe wa Mgiriki akirudi kutoka huko, akitembea kama aliyebeba mayai.

Mama alikanda unga wa mkate wa bomani. Kila mara nilifunua kitambaa nikatazama, na unga ulizidi kuumuka, hauna habari.

"Fundi, mbona umenuna?" akauliza mwendesha gari mmoja, mdomo umejaa. "Umeoa tena?"

Baba akamsukumia bapa nyingine. Walipoondoka, moto ulikuwa makaa mekundu tu.

Ndipo bibi, mama yake mama, akaamka akatoka nje. Akauona ufagio, akashika kichwa. "Mkwe wangu, umetumaliza."

Alipoelezwa yote, akaketi chini, akafungua ule ufagio na kuchambua jani moja moja. Yote yalikuwa yamebabuka. Moja lilibaki kijani nusu. Akalifunga fundo.

"Kwetu aliyekosa humpelekea sale aliyemkosea. Akiletewa, ni vigumu kukataa. Lishike kwa mikono miwili. Na usijitetee! Ukianza maneno yako ya Pangani, nakuacha hukohuko."

Tulikwenda gizani, mimi nimeshika nguo ya bibi. Baba alibisha hodi. Akabisha tena. Mlango ulipofunguka, akapiga magoti, akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

Mzee aliliinamia jani. Akalinusa.

"Hili limeokwa," akasema. "Mmekuja kuniomba radhi au kunikaribisha chakula?"

"Yote mawili," akajibu bibi upesi.

Akalipokea. Kisha akaanza yeye mwenyewe kushusha kuni darini.

Mkate ulifika bomani ukiwa moto. Siku hiyohiyo baba alipanda masale mapya, mzee amesimama nyuma yake akifoka: "Si hapo! Hapo ni kwangu!" Nilimpenda sana mzee yule siku ile, kwa sauti yake ile kali.

Juzi nilipatafuta mahali hapo. Tanuri halipo, hata tofali. Wenyewe wote wameshatangulia. Mpaka upo, ila sasa ni seng'enge, imekazwa vizuri kwenye nguzo. Nilisimama pale nimeishika, ikanichoma kidole, nikawa nawaza: mtu akimkosea jirani yake hapa usiku huu, atabeba nini mikononi?