Karani wa Mji Uliofukiwa

Karani hupangusa muhuri wake mara tatu kabla ya kugonga "Plymouth", mji mkuu wa kisiwa cha Montserrat, wenye kila kitu isipokuwa watu, maana volkano iliufukia kwa majivu hadi mapaani. Jana Tuitt, mwashi aliyemjengea nyumba huku Brades, zilikohamia ofisi za serikali, aliandika kwenye fomu kwamba mji mkuu ni Brades. Karani akalikata neno hilo kwa rula, taratibu.

"Mama, kule hata mbuzi hakai."

"Mbuzi hajazi fomu, baba."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Huku nimejihifadhi kwa muda tu."

 Tuitt anajua mapazia ya nyumba aliyomjengea bado yamo sandukuni, hayajatundikwa, mwaka wa ishirini na nane huu.